Mtungi wa Kubaki Bomani

Katika gari la moshi kutoka Mkumbara, Mama Hajira mfinyanzi alipakata mtungi wake mweusi kama mtoto mwenye homa. Alimweleza mzee aliyeketi karibu naye kwamba bwana mkubwa wa boma la Wajerumani huko Korogwe aliuona kichwani pake, akaagiza mitungi ya maji ya askari, yote ilingane na huo, nao wenyewe ubaki bomani uwe mfano.

“Basi waachie,” akasema yule mzee, Semboja. Aliwahi kuliuzia boma nyasi za kuezekea mpaka Wajerumani walipoleta mabati, na tangu hapo akawa anauza ushauri. “Si utafinyanga mwingine?”

“Huu alinifinyangia mama nilipokuwa mwari. Zamani hukupewa mtungi kabla hujapimwa kichwa. Alinishika utosi kwa viganja viwili, ndipo akagusa udongo.”

“Askari wana vichwa vingi, mama. Utavipima vyote? Ah, boma lingeniagiza mimi leo hata mzigo mmoja wa nyasi!”

Gari likasimama Korogwe. Hajira akashuka, akajitwika mtungi, akaachia mikono yote miwili. Haukutikisika. Semboja, dirishani, akajishika utosi kwa viganja viwili.