Wavu wa Kimo cha Shuka: Risala ya Madobi Wastaafu Kufunga Kambi ya Tenisi

Mgeni rasmi ambaye ndiye Mkurugenzi wa Michezo wa mji wetu, Kocha wetu, wazazi na walezi, na ninyi watoto mnaokalia raketi baada ya kuambiwa zisikaliwe:

Sisi madobi wastaafu, waangalizi wa Kambi ya Tenisi ya Likizo, tunakukaribisha. Kaa bila wasiwasi, mgeni rasmi. Kiti hicho ni kizima, jana tulimkalisha Kocha mchana kutwa kukijaribu. Risala ya mwaka jana ilisifu mno mpaka mgeni akasinzia, ndiyo maana safari hii kalamu nimepewa mimi niliyeishia shule ya msingi. Wenzangu wamenionya niandike kwa adabu na nisiitaje barua. Nitaitaja mbele kidogo.

HISTORIA

Uwanja huu ulikuwa wa mameneja wa kiwanda cha kufulia. Sisi tulikuwa ndani tukifua shuka za hospitali, wao nje wakicheza na nguo zao nyeupe, ambazo nazo tulizifua sisi. Walipohamia ofisi mpya, uwanja ulibaki na mistari yake, na watoto wetu likizo ndefu wakibaki kuzurura juani. Tukaomba ufunguo. Tukapewa upesi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka.

Wavu tuliufunga wenyewe. Mgeni rasmi, dobi ukimpa kamba na nguzo mbili anajua kimo kimoja tu: shuka isiguse chini. Tukaupandisha juu ya kichwa cha mtu mzima, tukaukaza, tukajipongeza. Likizo tatu watoto walicheza hivyo, mpira ukipanda kwanza kusalimia mawingu ndipo ushuke ng'ambo. Kisha akaja Kocha. Alisimama langoni na mkoba wake begani.

"Mama zangu, hapa panachezwa nini?"

"Tenisi, baba."

"Na huo wavu?"

"Una nini? Umelegea?"

Aliomba ndoo akaikalia. Kesho yake akaushusha mpaka kiunoni, na watoto wakaja kutushtakia kwamba mchezo umeharibiwa, sasa hata mtoto mchanga anauweza.

MAFANIKIO

Kambi ina watoto hamsini na mmoja, wa makundi matatu tuliyoyagawa sisi tangu mwanzo. Wapigaji huupeleka mpira wanakotaka. Warudishaji huurudisha, unakoangukia ni majaliwa. Waokotaji hupiga mara moja, kisha hushinda wakiutafuta nyuma ya matangi ya maji. Kocha alitaka kuwaita "Wanaoanza", tukamwambia mtoto wa likizo ya nne huwezi kusema anaanza.

Siku ya kufunga kambi, kila Mwokotaji hucheza upande mmoja na mkubwa wake. Hatuchagui. Majina huandikwa kwenye vibanio vya nguo, kikapu kikatikiswa, na vibanio vinavyotoka pamoja ndio wenza. Kocha alipinga mwanzoni. Baadaye aligundua kwamba Wapigaji wamejifunza kuvumilia, somo ambalo yeye lilimshinda kufundisha.

Tumetoa pia mchezaji mmoja mashuhuri. Picha yake imetundikwa kwenye ofisi za michezo, ameinua kombe, na chini pameandikwa kwamba mipira yake ya juu ni kipaji cha kuzaliwa. Sisi hatubishani na maandishi ya ofisi. Tunachojua ni kwamba alikuja hapa ana miaka minane, akakaa kwa Waokotaji likizo tatu, na likizo zote tatu wavu ulikuwa ule wetu. Mpira wake wa kwanza ulimrudia puani, tukamfuta kwa foronya ya hospitali. Hatutamtaja jina. Leo amevaa tai ya buluu.

CHANGAMOTO

Mipira imenyonyoka, ukiishika ni kama kumpapasa Kocha kichwani. Maji ya bomba hutoka yakijisikia.

Halafu kuna barua iliyotoka ofisini kwako. Inasema kuanzia likizo ijayo kambi ipokee "wachezaji wenye kiwango pekee", na wengine "watafutiwe shughuli nyingine inayowafaa". Waokotaji ni kumi na tisa. Tuliwaficha barua hiyo, lakini nilipoigeuza chini mezani, mjukuu wangu aliigeuza juu. Huyu tunamwita Kijiko, kwa sababu hushika raketi kama anakoroga sufuria. Ana miaka tisa.

"Bibi, kiwango kinapatikana wapi?"

"Hapahapa, mama."

"Sasa nikifukuzwa hapahapa, nitakifuata wapi?"

Mgeni rasmi, mimi elimu yangu ni ndogo. Swali hilo nimekuletea wewe.

Tangu siku hiyo Kijiko hufika kabla ya ufunguo, akacheza na ukuta wa kiwanda. Ukuta bado unamshinda, ila siku hizi si kwa mbali. Juzi alirudi nyumbani akasema, "Bibi, leo nimeurudisha mara nne mfululizo," kisha akauliza likizo imebakiza siku ngapi. Nilijifanya natafuta miwani.

MAOMBI

Tuliandika maombi saba, tukayakata sita. Mipira mipya tutaisubiri, kusubiri tumezoea. Ombi letu ni moja: barua ile irudi ilikotoka, Waokotaji wabaki.

Hatutaki utujibu sasa hivi, maana mtu hujibu vizuri akishatoka jasho. Kikapu kimetikiswa asubuhi mbele ya mashahidi, Kocha akiwa mmoja wao, na kibanio chako kimetoka na cha Kijiko. Ni yule pale aliyekwisha simama na raketi mbili. Viatu viko chini ya kiti chako. Kipimo tulikipata kwa mama yako, anakusalimu. Na kwa heshima yako, mwanangu, wavu wa leo tumeufunga sisi wenyewe.

Mungu akupe pumzi, akulindie pua, na akurejeshee kumbukumbu kabla ya kalamu.

Ni sisi,
Madobi Wastaafu wa Uwanja wa Nyuma ya Kiwanda