Plasta Juu ya Mshahara

Kijiwe chetu cha Kondele hakina kibao wala jina. Ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha fundi cherehani, lenye miguu mitatu na tofali moja, na kando yake Dorca na birika lake la kahawa ya tangawizi juu ya jiko. Lakini ukitaka kujua jambo lolote Kisumu hii, kuanzia bei ya omena mpaka ugonjwa wa mtu usiyemjua, ofisi ni hapo. Siku hiyo ilikuwa tarehe thelathini Juni, siku ya mwisho ya kila mwenye PIN, namba ya mlipa kodi, kuiambia serikali alipata nini mwaka uliopita. Saa tisa mchana benchi lilikuwa limejaa wataalamu wa kodi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mshahara.

Odongo alifika akitembea haraka, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, bahasha kwapani. Hapo kijiweni walimwita Meneja. Miaka minane iliyopita mtu mmoja alimwona na kifungu cha funguo katika kampuni ya unga anakofanya kazi, akasema huyu ni meneja, na Odongo hakukanusha. Kusema kweli alikuwa karani wa stoo. Funguo zilikuwa za stoo. Mshahara nao ulikuwa wa karani wa stoo, na ulikuwa siri yake na ya kampuni, hata mkewe Debra alikuwa amechoka kuuliza.

Sasa kaunti ilikuwa imetangaza kazi ya msimamizi wa stoo ya dawa, mshahara mara mbili, na maombi yanafungwa leo saa kumi na moja. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa risiti ya kuonyesha amefaili kodi. Saiba zote, vile vibanda vya intaneti, zilikuwa na foleni mpaka barabarani. Isitoshe, kijana wa saiba ana tabia ya kusoma mshahara wa mteja kwa sauti ya mnada, na Odongo afadhali angemeza karatasi yake ya mshahara. Basi akaona aulize benchini jinsi ya kujaza, ajaze mwenyewe kwa simu. Na kwa kuwa anawajua watu wake, kabla ya kutoka kazini alichukua plasta za vidonda kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akaziba kila tarakimu kwenye ile fomu ya P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka mzima.

— Meneja, hii fomu imeumia wapi? akauliza Griffins, mwendesha boda anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kukaa kortini siku tatu kama shahidi.

— Hizo ni siri za kampuni, Odongo akasema. Mimi nataka tu kujua, hapa kwa makato ya kupunguza kodi, mtu anaandika nini?

Benchi zima likasogea. Swali tamu kama hilo halikuwa limefika hapo tangu Krismasi.

— Ngoja, ngoja, Wakili akasema, akiweka kikombe chini. Meneja, wewe serikali inakumaliza. Mtu kama wewe si unakatwa kama elfu thelathini kwa mwezi?

Odongo akakohoa.

— Nakatwa sana, akasema. Mwisho wa mwezi sioni kitu.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu, na lilimtoka kwa uchungu hata yeye akashangaa.

— Basi dawa iko, Wakili akasema. Sheria inasema hivi, pesa yoyote umetumia juu ya binadamu, unaiandika, wanakurudishia.

— Sheria gani hiyo? akauliza Waliaula, fundi cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye blauzi aliyokuwa akipindia mikono.

— Ya kodi. Wewe shona.

— Mimi ninachojua ni watoto, Waliaula akasema. Kila mtoto anapunguza. Shemeji yangu kule Busia alizaa mapacha, wakamwandikia watatu.

— Watatu kivipi? Wakili akauliza.

— Mapacha ni kazi. Serikali inaelewa.

— Meneja ana watoto wanne, Dorca akasema akimimina kahawa. Na wale wawili wa marehemu ndugu yake, sita. Na yule msichana wa dada yake anasomea Maseno.

— Saba, Wakili akasema, amesimama sasa, mikono hewani. Saba, na bado hatujaingia kwa wakwe. Meneja, ng'ombe ulipeleka wangapi?

— Sita, na mmoja bado.

— Andika wote. Ng'ombe akishafika kwa wakwe thamani yake inashuka kila mwaka, na ule upungufu ni hasara yako. Yule hujapeleka ndiye wa maana zaidi, maana anakunyima usingizi.

Mzee Ogola, mwisho wa benchi, akainua kidole. Mzee huyu alikuwa karani wa reli enzi zake, na sasa ndiye mweka hazina wa chama cha matanga. Wanamwita Daftari kwa sababu ya daftari la jalada gumu ambalo halitoki mkononi mwake. Kila mazishi ya watu wa kijiwe yamo humo, nani alitoa, ngapi, siku gani.

— Vijana, nyinyi mnaongea tu, Mzee akasema. Serikali inataka ushahidi. Ushahidi ninao.

Akalifungua daftari magotini. Yawa, benchi lilivyoinama, utadhani wanachungulia kisima.

— Mwaka jana, matanga kumi na mbili. Waliaula, mia tatu. Griffins, mia tatu, na matanga mawili bado hajalipa.

— Hiyo tuache, Wakili akasema.

— Meneja, elfu mbili. Meneja, elfu mbili. Meneja, elfu mbili. Kumi na mbili zote, hakuna hata moja amekosa.

— Elfu ishirini na nne, Wakili akapiga kelele, na mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya ng'ambo ya barabara akageuka. Elfu ishirini na nne za matanga peke yake. Meneja, wewe serikali ndiyo inakudai au wewe unaidai?

Odongo alikuwa hajawahi kuisikia hesabu hiyo ikijumlishwa. Alitoa elfu mbili, akatoa elfu mbili, kila mara akasema mwezi ujao nitajipanga. Elfu ishirini na nne ilipotajwa hivyo, hadharani, aliirudia hesabu kwa vidole. Ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima.

Lakini wenzake walikuwa wamepanda moto. Dorca akasema hata kahawa iandikwe, kwa sababu Meneja huwa anakuja benchini kufikiria kazi, na anawanunulia wote. Waliaula akakumbuka suruali tatu alizoshonea wapwa wa Meneja. Wakili akataka aandikwe yeye mwenyewe kama mtegemezi.

— Niandike, omera, ndugu yangu. Tairi ya nyuma alininunulia nani? Si ni wewe? Basi mimi ni mtoto wa nane.

— Una miaka thelathini na mbili, Odongo akasema.

— Fomu inauliza miaka?

— Na mimi, Dorca akasema. Gesi ya jiko.

— Mimi sisemi kwa ubaya, Mzee Ogola akasema, lakini kuna ile miwani uliyoninunulia.

Odongo aliangalia saa. Kumi kasorobo. Simu yake ilikuwa imejaribu kufungua ukurasa wa kodi mara tano, na kila mara kile kiduara kikazunguka kikachoka. Wasiwasi sasa ulikuwa umempanda mpaka masikioni. Stoo ya dawa, mshahara mara mbili, na yeye ameketi hapa anahesabu ng'ombe wa mahari.

Hapo ndipo alipofika Hemali, binti wa Kishore mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo, kuchukua ile blauzi ya nyanyake.

— Dakika kumi, mama, Waliaula akasema. Nimebakisha vifungo.

— Jana ulisema vifungo.

— Leo ni vifungo vya kweli.

Hemali akaketi pembeni, begi la kompyuta magotini. Dorca akampa kahawa.

— Nyar Kishore, si wewe ndiye unafanyia baba yako mambo ya kodi? Saidia Meneja hapa. Ana watoto saba, ng'ombe saba na Griffins.

Hemali akamsikiliza Wakili mpaka mwisho, na si mchezo, Wakili alianza upya, kutoka jinsi Meneja anavyokatwa mpaka mapacha.

— Watoto hawapunguzi kodi hapa Kenya, akasema kwa upole. Wala matanga. Wala ng'ombe. Ni kama bima ya maisha, pensheni, riba ya mkopo wa nyumba. Uko na hizo?

— Sina, Odongo akasema.

— Basi ni rahisi, dakika tano tu. Nipe PIN na neno la siri.

Odongo akaandika kwenye kikaratasi, akampa. Kompyuta ya Hemali ilikuwa na mtandao wake, na ukurasa ukafunguka mara ya kwanza. Odongo akasogea karibu. Akaona mbele yake ofisi ya stoo ya dawa, feni juu, jina lake mlangoni.

— Sawa, Hemali akasema, vidole tayari. Jumla ya mshahara wa mwaka ni ngapi?

Swali lilikuwa dogo sana. Walikuwa wamebishana saa nzima na hakuna aliyekuwa na jibu, maana jibu lilikuwa chini ya plasta.

Odongo akajipinda pembeni, akaanza kuibandua moja kwa ukucha. Plasta ikatoka na karatasi, na karatasi ikatoka na tarakimu. Akabandua ya pili. Shimo jingine.

— Nisomee tu, Uncle, Hemali akasema. Lazima niiweke hiyo kwanza, bila hiyo haiendi.

Saa kumi na dakika tano. Odongo aliwatazama Mzee Ogola, Wakili, Dorca. Alikuwa na haya, na alikuwa na hamu ya ile kazi, na alikuwa amechoka, vyote kwa pamoja. Akamwegemea Hemali sikioni, lakini pikipiki ikapita ikinguruma.

— Umesema?

— Laki mbili na sabini elfu, Odongo akasema kwa sauti.

Wakili akapiga mluzi.

— Kwa mwezi. Nilijua. Si niliwaambia?

— Kwa mwaka, Odongo akasema. Ni elfu ishirini na mbili na mia tano kwa mwezi. Mimi ni karani wa stoo.

Sindano ya Waliaula ilikuwa imesimama. Hemali peke yake aliendelea kuandika, yeye hakujua kama kuna jambo limetokea.

— Kodi sifuri, akasema. Tayari. Uncle, mshahara huu haufiki kiwango cha kulipa kodi. Zinatoka kidogo za hospitali, za nyumba na za uzeeni, lakini kodi hujakatwa hata shilingi moja mwaka mzima.

Kisha akainua kichwa, amekunja uso, kama mtu ambaye hesabu imemkatalia.

— Lakini hawa wameniambia unakatwa sana, mwisho wa mwezi huoni kitu. Sasa ni nani anakukata?

Wakili akaangalia tairi yake ya nyuma. Dorca akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa tayari. Daftari lilikuwa bado wazi magotini mwa Mzee Ogola, ukurasa wa Meneja elfu mbili, Meneja elfu mbili, na Mzee akavua ile miwani akaifuta.

— Risiti nimeituma kwa printa ya dukani, Hemali akasema. Mwambie Baba mimi nimekutuma.

Odongo akasimama, akatia mkono mfukoni kulipia kahawa ya wote, kama kawaida. Dorca akausukuma mkono wake. Mzee Ogola akaomba kalamu moja kati ya zile mbili. Akaandika mia tatu badala ya elfu mbili kwenye ukurasa wa mwaka huu, polepole, akafuta neno Meneja lililokuwa mbele yake na kuweka jingine.

— Odongo, akasema, na kwa miaka minane hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwenye benchi lile. Kimbia. Wanafunga saa kumi na moja.