Swali la Besi Dhaifu

Mama aliyeketi mbele yangu kwenye treni hufanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Asubuhi hiyo alikuwa akienda kurudia mtihani wa kemia wa sekondari, pamoja na watoto wa rika la bintiye. Hayo alimwambia kijana wa chuo aliyekaa kando yake. Mimi nilisikia tu; masikio yangu hayakuwa na adabu.

"Swali la besi dhaifu liruke, mama," kijana akamshauri. "Linakula muda bure."

"Siliruki, mwanangu. Ndilo lililoniangusha mwaka jana. Nilikokotoa pOH ya amonia vizuri, karibu tatu, kisha nikaiandika kama pH."

Kijana akaangua kicheko. "Tatu? pH hiyo ni ya asidi, na amonia ni besi!"

"Cheka tu. Nilisahau kuitoa kwenye kumi na nne ili nipate pH, karibu kumi na moja."

"Na ukisahau tena leo?"

"Nitarudi mwakani. Uuguzi nautaka, na bila kemia hawanichukui."

"Lakini ukiliruka, utafaulu kwa mengine!"

"Na mgonjwa akihitaji dawa ninayoogopa kuipima, nimruke naye?"

Treni ikasimama. Mama akashuka, akikaza mwendo kuelekea shuleni, akiwapita wanafunzi wenye sare mmoja mmoja.