Mwalimu Tusekile na Chupa Zilizobadili Rangi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia hapa shuleni, Mwalimu Tusekile Mwakalukwa anastaafu tarehe 30 Juni 2004, na maabara imeanza kuonekana kubwa mno.

Alizaliwa Ngonga, hapa Kyela, kwa wakulima wa mpunga. Amefundisha tangu maduka yakiwa matupu hadi mtaa wa Bondeni ulipofurika bidhaa za kila namna. Sauti yake ilifika bwaloni, na vipande vya chaki yake tumewahi kuvikuta kwenye birika la chai ya walimu.

Mwaka 1996 mchepuo wa sayansi ulikaribia kufungwa. Wanafunzi walikuwa wameikimbia fizikia, na mkuu wa shule, Mzee Zebedayo, alisema wakipungua tena, basi. Tusekile alikuwa ametoka semina Mbeya na moto wake. Akatengeneza ndani ya spiriti punje za oksidi ya zinki, ndogo hata hadubini yetu haizioni. Punje hizo, aliwaeleza, zikimulikwa hutoa mwanga wa bluu zikiwa changa, kijani zikikua, njano zikikomaa. Kitu ni kilekile, kinachobadilika ni ukubwa. Taa aliazima dukani kwa Mama Shamsa, ile ya kukagulia noti bandia.

Ikawa aibu. Joto la Kyela lilizikomaza punje kabla taa haijawashwa, ikaonekana njano tupu. Lugano wa Bujonde, kidato cha pili, akatangaza kwamba mwalimu katia rangi. Watoto wa hapa wanajua mchele mzuri unavyochanganywa na mbovu, wakamwamini yeye.

Kesho yake Tusekile alikuja na ndoo ya barafu ya wauza samaki. Safari hii alimwachia Lugano achanganye dawa mwenyewe na kuigawa chupa mbili. Moja aliitumbukiza kwenye barafu, nyingine akakaa nayo juani. Walipomulika, ya barafu ilikuwa bluu na ya juani njano. Darasa lilipagawa, na Lugano alisema ndaga, ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, mpaka akakalishwa.

Mchepuo haukufungwa. Mwaka huu darasa la fizikia limekosa madawati kwa wingi wa wanafunzi. Swali lililobaki, kwamba punje zikiungana kuwa vijiti umbo nalo linaubadilishaje mwanga, Tusekile anamwachia mwalimu mpya wa fizikia, ambaye ni Lugano yuleyule.

Mwalimu wetu, ndaga fijo, asante sana, kwa yote. Tunakuombea ustaafu wa chupa ya kwenye barafu: usikomazwe haraka na joto la Kyela, wala na wajukuu.