Ijumaa ya Mwisho ya Chupa za Shangazi Ettie

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha kuotesha bakteria wa bahari hapa Townsville, Ettie Nakata anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Siku hiyohiyo chumba kinafungwa. Keki itakuwepo.

Alikuja kutoka kisiwa cha Thursday Island kuosha vyombo vya maabara kwa miezi michache. Akakabidhiwa bakteria wale wanaoelea baharini kama vumbi la mbao, akabaki nao. Kila wiki aliwahamishia kwenye maji mapya, Krismasi ikiwemo. Kimbunga kilipokata umeme, alibeba chupa zote nyumbani akazipanga ndani ya hodhi la kuogea, chini ya dirisha, wapate mwanga. Mumewe, Tanu, akawa anaoga uani kwa mpira wa bustani.

“Hawa wageni wako wanaondoka lini?” akauliza.

“Wakiondoka, na mimi naondoka,” Ettie akamjibu.

Bakteria kwa kawaida ni wabahili: jeni isiyo na kazi hutupwa. Hawa wetu wamejaa DNA isiyotengeneza protini yoyote, na tulitaka kujua ilitoka wapi. Ettie aligandisha sampuli kila mwaka. Tulipozilinganisha, tukaona jeni moja iliyokuwa nzima ikivunjika ndani ya chupa zake, ikaacha kazi, na isitupwe. Mabaki mapya yalikuwa yamezaliwa mikononi mwake. Aliyaita Marehemu, na kila tulipopima aliingiza kichwa mlangoni: “Marehemu bado yupo?”

Marehemu atakaa hadi lini, hatujui. Kujua kunahitaji chupa hai na miaka mingine, maana sampuli zilizogandishwa haziamki. Nimebisha hodi kila maabara ninayoijua. Zote zimejibu kwa upole kwamba hazina nafasi. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha kwa kuwa hili ni jarida la wafanyakazi.

Sheria inataka chupa zitiwe klorini kabla ya kurudisha funguo. Mkurugenzi alimshauri Ettie awaachie vijana kazi hiyo.

“Nimewalisha mimi,” akasema. “Wasiuawe na mtu asiyewajua.”

Jana aliingiza kichwa mlangoni akauliza swali lake. Nikamwambia yupo. Akaenda kuwabadilishia maji, ingawa Ijumaa ni kesho kutwa.

Asante, Shangazi. Upumzike salama huko nyumbani, na Tanu aoge ndani.