Mirija Juu ya Karatasi ya Alumini

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda nyuso zilizonuna, nikicheka katikati msinishangae.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, kifungua mimba wa fundi chuma na mshonaji, akasoma shule ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1990, na Julai mosi 1992 akaajiriwa maabara.

Kazi yake ilikuwa kuotesha kaboni juu ya metali, unaweka kipande tanuruni, unapitisha gesi kwenye joto kali, kaboni inatua na kujipanga kuwa mirija myembamba isiyoonekana kwa macho, na kwa jinsi alivyorudi nyumbani mweusi tukamwita Mama Masizi. Juu ya chuma aliweza mapema, lakini roho yake ilitaka karatasi ya alumini, ili betri ziwe nyepesi, na alumini, jamani, inayeyuka kabla mirija haijaanza! Kila aliposema mirija itaota, wenzake walimjibu kwamba anayeota ni yeye, naye akapunguza joto, akabadilisha gesi, akaharibu karatasi miaka nenda miaka rudi.

Pampu ya tanuru ilipokufa akaja fundi, akaitengeneza, akarudi tena na pampu ni nzima, tukaelewa, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa mabinti wawili, ambao jioni walimuuliza mama yao kama imeota kabla hata ya kumwamkia.

Januari mwaka huu aligundulika ana saratani ya ini, akalazwa, jaribio la mwisho akawaachia wanafunzi wake, na hilo ndilo alilolisubiri kuliko dawa. Jumanne asubuhi mwanafunzi wake alimletea picha ya hadubini kwenye simu, mirija imesimama wima, imejaa kama manyoya ya zulia, na karatasi haijayeyuka, dada akapiga yowe la furaha, muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyefariki. Alituacha kesho yake, Jumatano tarehe 12 Juni, mkono wake umo mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyeishia kucheka naye, majirani, na wenzake wa maabara, hasa nyinyi mliomwambia anaota, maana mlimchokoza mtu mwenyewe.

Dada, tunakulilia, ila hatukuonei huruma hata kidogo, umeondoka umeshinda, pumzika kwa amani.