Mama Usimguse Anatuaga, Tafadhali Msimkumbatie

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona vitambaa vya sofa na kufunga mikono ya watu, Mama Usimguse anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Ndiye huyo aliyeketi kiti cha mbele, mwenye kola ya shingo, anayetutazama kwa kugeuza mwili mzima kama kabati linalosogezwa. Kisa cha hiyo kola mtakisoma hapa chini. Kuandika wasifu huu nimetwishwa mimi, mtunza stoo, ati kwa sababu ndiye niliyemlalamikia zaidi hapa kiwandani, kwa hiyo namjua vizuri. Sikatai.

Aliajiriwa kama mshonaji. Kazi ya huduma ya kwanza ilimwangukia tu. Uongozi ulitaka mtu mmoja apelekwe mafunzo ya kuhudumia mifupa iliyovunjika, viungo vilivyoteguka na migongo iliyoumia, maana katika kiwanda cha samani kabati halichelewi kumwangukia mtu. Mjitoleaji alipoulizwa, mafundi wote wakatazama dari. Yeye alikuwa ameinama anatunga uzi kwenye sindano, akahesabiwa kuwa ametikisa kichwa kukubali.

Alirudi mtu mwingine kabisa. Seremala mmoja alipoteleza kwenye vumbi la mbao, wenzake walimrukia kama kawaida yetu, huyu kwapani, yule miguuni, wamsimamishe. Ndipo ikatoka chumba cha kushona sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba inaweza kukaa katika kifua chembamba vile: "Usimguse!" Watu waliganda na mikono yao hewani. Aliyekuwa kwenye randa alizima mashine, akidhani anaambiwa yeye. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye cheti cha kuzaliwa.

Masomo yake yalikuwa machache, akayarudia mpaka yakawa kero. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe; kichwa chake kishikwe kisicheze hadi wenye machela wafike. Mfupa uliovunjika ufungwe kwenye kitu kigumu, pamoja na kiungo kilicho juu yake na kilicho chini yake, kisha vidole viangaliwe kama bado vina joto na vinasikia. Mguu ulioteguka upumzishwe, uwekewe barafu iliyofungwa kitambaani, uinuliwe. Na asitokee wa kuchua, wala wa kuvuta, wala wa kuleta chai.

Makatazo hayo ya mwisho yana wenyewe. La chai ni la mpishi wetu, anayeamini kwamba hakuna balaa linaloweza kustahimili kikombe chenye sukari ya kutosha. Ameambiwa mpaka basi kwamba mtu anayeweza kupelekwa kupasuliwa hapewi kitu mdomoni. La kuchua na kuvuta ni la fundi wetu wa vanishi, Mzee Vuta. Mjomba wake alikuwa akiwachua wacheza mpira, naye akajiona amerithi mikono. Teguko lolote kwake dawa ilikuwa mafuta ya moto na mvuto mmoja wa ghafla. Muulizeni mhasibu. Kidole chake cha shahada kilibanwa na droo, Mzee Vuta akakivuta akidhani kimeteguka, kumbe kimevunjika, na mpaka leo kimepinda kushoto. Mhasibu akikunyooshea kidole, anayesutwa ni jirani yako.

Mnaweza kukisia wawili hao walivyopendana. Mama alimwita hatari kuliko msumeno. Mzee Vuta naye alisema huyo mwanamke anaogopa mifupa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka, na kwamba angekuwa daktari angewatibu wagonjwa kwa kuwatazama dirishani. Katikati yao nilikaa mimi, nikiambiwa maneno ya pande zote mbili.

Lakini aliyeumia kuliko wote ni stoo yangu. Maboksi, sponji, kanda za vitambaa, vyote vilikwenda kwenye mikono na miguu ya watu. Dereva wa lori alipovunjika mguu, Mama alikamata kilichokuwa karibu: mguu wa meza ya kulia chakula, mbao ngumu, umeshapigwa msasa. Ulimkaa dereva vizuri ajabu. Hospitalini daktari aliusifu. Mteja, aliyepelekewa meza ya miguu mitatu, hakuona cha kusifu. Nilipokwenda kwa Mama nimefura kwa hasira, aliniuliza kwa upole kama ningependa twende sote wodini tukamnyang'anye dereva. Nikarudi stoo kuhesabu miguu iliyobaki.

Hata nyumbani hakuwa na likizo. Mumewe, ambaye yuko nasi leo, ameniambia kwamba ni marufuku kwa wajukuu kurushwa juu au kuinuliwa kwa mkono mmoja, kwa sababu viwiko vya watoto huchomoka upesi. Yeye mwenyewe msuli wa mguu ulipomkaza akiwa kitandani, mkewe alimnyoosha mguu taratibu huku akimpa somo refu kuhusu kunywa maji. Shemeji yetu anasema msuli uliachia mapema, somo ndilo lililokawia.

Sasa tuseme kweli. Mama alipaswa kustaafu mwaka juzi. Aliomba aongezewe mwaka, akaomba tena, na uongozi ukadhani ni mapenzi ya kazi. Wapi! Alikuwa anatuogopea. Aliniambia mwenyewe, ameketi juu ya gunia langu la pamba, kwamba hapati raha akifikiria siku atakayokuwa kwake na huku mtu anaanguka, nasi tumbebe juu juu, tumkate uti wa mgongo kwa huruma zetu. Alisema hataki kusikia habari hiyo akiwa anamenya viazi.

Mwaka jana alitupa jaribio. Mpishi alilazwa chini, tukaambiwa ameanguka kutoka ngazini, tumhudumie. Jamani, aibu! Mafundi walimbeba mkono mkono, mguu mguu, wakautambua uzito wake wakiwa katikati ya safari, wakamwachia. Mpishi alilala kama majeruhi wa mchezo, akaondoka majeruhi wa kweli. Mzee Vuta tayari alikuwa amekunja mikono ya shati na kuulizia mafuta. Mama hakutugombeza. Alijifuta uso kwa kanga, akaenda moja kwa moja kwa meneja kuomba mwaka mwingine wa kuturudishia masomo.

Mwezi uliopita, asubuhi, watu wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kazi, Mama alipanda juu ya stuli ili abandike tangazo ukutani. Tangazo lenyewe lilisema: Usipande juu ya samani. Stuli ilikuwa ya kwetu, katika zile zilizokataliwa na mkaguzi. Mguu mmoja ulichomoka, Mama akaenda chini chali, kisogo kikagonga sakafu.

Kiwanda kizima kilimkimbilia, na kiwanda kizima kikasimama kabla ya kumfikia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama, haya imemshika, alituamuru tumwinue, akaanza kujisogeza mwenyewe. Sauti iliyomzuia ilitoka chumba cha vanishi: "Usimguse! Na wewe Mama, tulia!" Alikuwa Mzee Vuta, anakuja mbio, mikono inachuruzika vanishi.

Nilijua shingo ya Mama imekwisha. Lakini Mzee Vuta alipiga magoti nyuma ya kichwa chake, akaegemeza viwiko sakafuni, akakishika kichwa pande zote mbili, na asivute chochote. Mama alimwambia amwachie. Akajibiwa kwamba majeruhi hana kauli. Kisha Mzee Vuta akamuuliza anasikia nini vidoleni, vilevile kama Mama alivyotufundisha. Mama akakiri kwamba vidole vimekufa ganzi. Hapo hakuna aliyecheka.

Mpishi alifika na kikombe cha chai, akamtazama Mama, akakitazama kikombe, akakinywa mwenyewe. Mhasibu alipiga simu, kisha akatoka barabarani kulielekeza gari la wagonjwa. Alilinyooshea geti letu kwa kidole kilekile, gari likaingia kwa jirani, kwenye mashine ya kusaga unga. Muda wote huo Mzee Vuta hakusogea hata kujikuna, na vanishi haimsubiri mtu. Wahudumu walipotaka kumpokea kichwa cha mgonjwa, viganja vyake vilikuwa vimegandamana na kilemba cha Mama, ikabidi kitambaa kikatwe kwa mkasi wa sofa. Mama alikwenda hospitali masikio yanang'aa kama kabati jipya.

Daktari alikuta ufa kwenye pingili moja ya shingo. Alituambia bila kupamba kwamba laiti angeinuliwa na kukalishwa pale pale, huenda asingetembea tena, wala kushika sindano. Mzee Vuta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye benchi la ukumbini akalia waziwazi, anajifuta machozi kwa viganja vyenye vipande vya kilemba. Nami nililia, ingawa nilisema ni harufu ya dawa.

Ganzi ilimtoka Mama siku ya pili, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumtuma mumewe kwa meneja: mwaka mwingine haombi tena. Nilipokwenda kumjulia hali alinieleza. Alipolala pale akitazama dari, alingoja mikono yetu imshukie. Haikushuka. Alisema ndipo alipojua kwamba anaweza kwenda nyumbani akamenye viazi vyake kwa amani.

Sanduku la huduma ya kwanza amelikabidhi kwa Mzee Vuta, kwa mkono wake mwenyewe. Chupa ya mafuta Mzee Vuta ameikabidhi kwa mpishi, akaangie.

Mama, ahsante kwa kila mguu uliotufunga na kila mkono uliotuzuia. Kiti unachokalia ni zawadi yetu. Vanishi ni ya Mzee Vuta, na miguu yote minne nimeitikisa mimi mwenyewe. Tunakuombea mapumziko marefu, wajukuu wenye viwiko imara, na mume anayekumbuka kunywa maji.

Wageni waalikwa, daktari amekataza Mama asikumbatiwe hadi kola itoke, na Mzee Vuta amesimama nyuma ya kiti kuhakikisha. Mpungieni tu. Lakini Mama, siku hiyo kola itakapotoka, kiwanda kizima kitapanga foleni mlangoni kwako, mpishi akiwa na chai mbele. Siku hiyo piga kelele utakavyo, tutakugusa.